Mnauliza, Tunajibu: Albamu fupi ya hip-hop, moto kuanzia mstari wa kwanza

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wachanaji wanaotaka kutoa albamu isiyofika dakika 20 na isiyompa msikilizaji nafasi ya kupoa. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nina nyimbo 8, zote kwa pamoja ni dakika 17. Prodyuza anasema hiyo ni EP na nisijiite mwenye albamu. Nani yuko sahihi?

Wewe. Kwa hesabu ya Apple Music, kazi yenye nyimbo 7 au zaidi ni albamu hata kama haifiki dakika 30; EP ni nyimbo 4 hadi 6 ndani ya muda huo. Tuzo za Grammy nazo huikubali albamu yenye nyimbo 5 tofauti na jumla ya dakika 15. Mchanaji wa Marekani Tierra Whack alitoa albamu ya Whack World mwaka 2018 ikiwa na nyimbo 15, kila mmoja dakika moja. Mwaka huohuo Pusha T akatoa Daytona, nyimbo 7 katika dakika 21, na hakuna aliyemwambia kaleta nusu kazi.

Chunga kitu kimoja. Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30. Ukiweka kipande cha maongezi cha sekunde 20 kama wimbo unaojitegemea, hakitahesabiwa hata kikisikilizwa mwaka mzima. Kibandike kwenye mkia wa wimbo uliotangulia. Ukikibandika kwenye kichwa cha unaofuata, anayeuchagua wimbo huo peke yake atalazimika kusubiri maongezi yaishe ndipo asikie biti.

Biti langu ni 140. Nimeandika mistari 16, mwenzangu naye kaandika 16, lakini yake imechukua muda mara mbili ya yangu. Tumekosea wapi? Na wimbo wa chini ya dakika mbili unapangwaje usionekane umekatwa njiani?

Hamjakosea, mnahesabu tofauti. Programu ya kurekodia ikisoma 140, yaani mapigo 140 kwa dakika (hiyo ndiyo tempo), kila mstari wa mapigo manne unachukua sekunde 1.71 (gawanya 240 kwa tempo), hivyo mistari 16 ni sekunde 27. Lakini kwenye biti za trap (mtindo wa hip-hop) sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, hupiga mara moja tu kwa kila mstari wa programu, kwa hiyo anayeufuata mwili wake anasikia 70, na kwake mistari 16 ni sekunde 55. Kubalianeni kabla ya kuandika, na njia rahisi ni kutaja idadi ya sneya: ubeti wa sneya 16, au wa sneya 32.

Tuchukue hesabu ya programu. Mistari 64 kwa tempo ya 140 ni dakika 1 na sekunde 50 kamili kasoro chembe. Igawe hivi: utangulizi 4, kiitikio 8, ubeti 16, kiitikio 8, ubeti 16, kiitikio 8, mwisho 4. Sauti yako inaingia kabla ya sekunde ya 7. Ving'ora, simu inayoita, prodyuza anayetaja jina lake mara tatu: vyote hivyo vikae ndani ya mistari hiyo 4 au viondoke. Sisi tungeviondoa.

Wimbo huonekana umekatwa pale ambapo biti limejirudia bila kubadilika, kisha likazimwa tu. Kila mistari 8 toa au ingiza kitu kimoja kinachosikika. Ubeti wa kwanza uanze na kiki (ngoma nzito ya chini), besi na sneya tu, hai-hati (matoazi madogo) ziingie mstari wa 9. Ubeti wa pili utoe besi kwa mistari 4 ya mwanzo na umwache mchanaji na sneya. Kabla ya kila kiitikio, futa kila kitu kwenye pigo la mwisho la mstari uliotangulia, ukiwemo mwangwi wa sauti. Kimya hicho ni cha sekunde 0.43, na kiki inayofuata itasikika kubwa bila kuongezwa hata desibeli moja. Hapo wengi huharibu kwa kuuacha mkia wa besi ukiendelea kunguruma. Ukate kwa mkono, kisha ufifishe kwa milisekunde 5 hadi 10 ili usitoe mlio wa "tik".

Usiziweke nyimbo zote kwenye 140 pia. Kwenye albamu ya nyimbo 9, tempo moja huanza kuchosha kabla hujafika katikati. Weka mbili za 90 hadi 95 zenye ngoma kavu, mmoja ukae nafasi ya 5 au 6, na zilizobaki zipishane kati ya 138 na 155.

Nikirekodi kwa nguvu, sauti inapasuka. Nikitulia, wimbo unalala. Nifanyeje?

Kupasuka kunatokana na kiwango cha kuingizia sauti. Kipime kwa mstari wako wenye kelele kuliko yote, na kilele kiishie kati ya desibeli −10 na −6 kwenye mita. Kwa rekodi ya 24-bit (kipimo cha ubora wa rekodi, si biti la muziki) nafasi hiyo haikupotezei ubora wowote. Simama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, kichujio cha pumzi kiwe katikati. Ukifika kwenye mstari wa kupiga kelele, rudi nyuma nusu hatua au geuza uso kidogo. Ukiikaribia maiki, besi ya sauti huvimba na maneno huziba. Kama chumba kina mwangwi, maiki ya dainamiki huwa salama kuliko kondensa, maana kondensa itakuletea na kuta.

Kisha pumzi. Kwa 140, silabi nne kwa kila pigo ni zaidi ya silabi 9 kwa sekunde. Wachache huzitamka kwa usafi kwa mistari 16 mfululizo. Silabi tatu kwa pigo ni 7 kwa sekunde, na bado msikilizaji anahisi mbio. Andika alama ya pumzi kwenye daftari kila mistari miwili, na usirekodi ubeti wote kwa mkupuo kama mwisho wake unalegea. Rekodi mistari 4 hadi 8, ila uanze kuchana mstari mmoja kabla ya pale unapoingia, ili sauti iwe tayari na kasi. Pumzi zenyewe usizifute zote. Zipunguze desibeli 6 hivi. Mchanaji asiyepumua husikika kama mashine.

Rekodi tatu zinatosha: sauti kuu, dabo (kuyarudia juu yake) ya maneno ya mwisho ya kila mstari, na vikorombwezo, yaani makelele na maneno ya kuchombeza. Dabo ikifuata kila neno inaua makali ya sauti kuu, kwa hiyo iache kwenye vina na iwe chini kwa desibeli 6 hadi 10. Vikorombwezo viondolewe sauti zote za chini ya hezi 250 na visambazwe kushoto na kulia. Sauti kuu ibaki katikati. Hapo mwangwi mrefu ni adui; mrudio mfupi wa sauti, milisekunde 80 hadi 120, huipa unene bila kuirudisha nyuma.

Mkisikia sauti yenu inachelewa kwenye hedifoni wakati wa kurekodi, punguzeni bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huisubiri kabla ya kuitoa) iwe sampuli 64 au 128, na mzime plagini nzito za masta (programu ndogo za kuchakata toleo la mwisho la wimbo) mpaka mmalize.

Masta yetu iko juu kabisa kwenye kompyuta, lakini mtandaoni inasikika dhaifu kuliko za wengine.

Majukwaa huzisawazisha nyimbo. Spotify na YouTube hulenga −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo sauti inavyokuwa kubwa), Apple Music −16. Masta ya −6 itashushwa desibeli 8 kwenye Spotify, na kwa kuwa limita (kifaa kinachozuia sauti isivuke kiwango) imeshazikata kiki na sneya vichwa, kinachobaki ni ukuta wa sauti ulioshushwa. Masta ya −9 inashushwa 5 tu huku ngoma zake zikiwa bado zinaruka. Kwa hip-hop ya moto lenga −10 hadi −8, na kilele halisi kisizidi desibeli −1.

Kabla ya kuilaumu masta, kagua kiki na besi. Zikigombana, limita hufanya kazi kwa ajili ya mngurumo usiosikika. Fanya besi ishuke desibeli 3 au 4 kiki inapopiga, irudi ndani ya milisekunde 80 hivi. Spika ya simu haitoi hezi 50, kwa hiyo ongeza ukwaruzo kidogo kwenye besi ili noti yake isikike hata huko. Chini ya hezi 100, kila kitu kiwe mono, yaani kisikike sawa kushoto na kulia.

Tumetumia sekunde 4 za wimbo wa zamani. Si tunaruhusiwa chini ya sekunde 5?

Hakuna kanuni hiyo. Unahitaji ruhusa mbili: ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi. Mkiupiga upya kwa vyombo vyenu, ruhusa ya rekodi haihitajiki tena, ya utunzi inabaki. Biti la kukodi nalo lisomeni mkataba wake: mara nyingi kuna kikomo cha idadi ya usikilizaji, na mtu mwingine anaweza kuwa na biti hilohilo.

Nyimbo zetu zinaunganishwa bila kimya, lakini baada ya kupandisha mtandaoni panasikika pengo.

Mlipeleka MP3. Aina hiyo ya faili huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni. Pelekeni WAV (faili la sauti lisilobanwa), zote zikatwe kutoka kwenye kipande kimoja kirefu cha masta, na mkato uangukie kwenye pigo la kwanza la mstari. Ukiangukia katikati ya neno, anayeucheza wimbo mmoja peke yake atapokelewa na nusu ya silabi.

Tupandishe siku ngapi kabla ya kutoka?

Wiki tatu hadi nne. Spotify inataka wimbo unaoupendekeza kwa wahariri wake uwe umefika angalau siku 7 kabla, na unapendekeza mmoja tu kwa wakati mmoja. Chagua wenye kiitikio kinachoingia mapema. Kava iwe pikseli 3000 kwa 3000, isiwe na anwani za mitandao. Toleo lililosafishwa matusi lipewe ISRC yake (namba ya utambulisho wa rekodi), maana ni rekodi nyingine, na lisafishwe kwa kunyamazisha sauti pekee huku biti likiendelea.