Simu imezimwa, akili bado iko kwenye grupu

Swali lenu la wiki hii linauliza kama msongo wa mitandao ya kijamii unaathiri masomo ya wanafunzi wa vyuo. Nasomea ualimu Dodoma, mwaka wa tatu, na jibu langu ni ndiyo. Ila wazazi na walimu wetu hulalamikia zaidi muda: mtoto anashinda kwenye simu. Muda unafidika, mtu anakesha na desa, yaani notsi za kusomea, usiku mmoja. Kinachotumaliza ni kile kinachobaki kichwani simu ikishazimwa.

Muhula uliopita, mwenzangu wa chumbani hosteli alikuwa anawasilisha kazi ya kikundi. Akakwama kwenye neno moja la Kiingereza, akalirudia mara tatu. Mtu akamrekodi, akaweka status, na kabla jua halijazama video imeshafika kwenye grupu la darasa. Hakulia. Alikaa kitandani akiangalia mmoja mmoja nani kacheka. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ilikuwa wiki mbili mbele. Usiku mmoja alikaa na daftari tangu saa mbili hadi saa sita. Nilipochungulia, kichwa cha mada kilikuwa kimeandikwa mara mbili, kimoja chini ya kingine, na chini yake hamna kitu. Akapata sapu, yaani akafeli na kutakiwa kurudia mtihani, kwenye somo ambalo yeye ndiye aliyekuwa akitufundisha sisi.

Haya hayakuanza kwetu. Facebook ilianzia Harvard Februari 2004, ikasambaa Marekani chuo kwa chuo. Watafiti Braghieri, Levy na Makarin walilinganisha vyuo vilivyofikiwa mapema na vilivyochelewa, na mwaka 2022 wakachapisha walichokiona: Facebook ilipofika, afya ya akili ya wanafunzi ilishuka, na wengi zaidi wakasema hali hiyo inawavurugia masomo. Sababu kubwa waliyoiona ni kujilinganisha na wenzao. Na wakati huo simu janja zilikuwa bado hazijaenea! Sisi bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likiingia, status zote ni viatu vipya na chipsi kuku, na yule ambaye lake halijaingia anavitazama akiwa amelalia chai.

Tunaambiwa tutoke mitandaoni. Tutatokaje? Mhadhiri akibadilisha chumba cha jaribio saa nne usiku, CR, kiongozi wa darasa, anatangaza WhatsApp, na asiyeona anakosa maksi. Grupu linaloleta ratiba ndilo lililoleta ile video. Hapo ndipo naomba vyuo vitusikie: matangazo yawe na grupu lake, wanaoandika ni CR na walimu tu, na kumrekodi mwenzako bila ridhaa kuwe kosa lenye adhabu inayojulikana. Wala si lazima mtu aache kabisa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliwahi kufuatilia wanafunzi 143. Waliopunguza Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika 10 kwa siku kila mtandao, kwa wiki tatu, upweke na sonona vilipungua.

Darasani kwetu grupu la matangazo tumelifungua muhula huu. Mwenzangu yumo, lile la zamani ametoka. Mtihani wake wa marudio ni Septemba. Ikifika saa mbili usiku ananiletea simu yake mwenyewe, naiweka chini ya mto wangu, anafungua daftari.