Kabla ya Kuwaeleza Vita, Wasomee Ukurasa wa Kwanza

Muhula wangu wa kwanza wa kufundisha fasihi ya Kihispania chuoni uliishia kwenye tarehe. Wiki tatu nilieleza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vya 1936 hadi 1939, Jamhuri, Kanisa, na Franco, jenerali aliyeshinda vita hivyo akaitawala nchi. Tulipoifikia riwaya, wanafunzi walikuwa wamechoka, na kila sentensi waliisoma kama ushahidi wa niliyokwisha kuwaambia.

Siku hizi naingia na ukurasa wa kwanza wa Nada, riwaya ya Carmen Laforet, na kuusoma kwa sauti. Msichana anashuka Barcelona usiku wa manane, kwa treni ambayo siyo aliyowaarifu jamaa zake, na hakuna aliyekuja kumpokea. Naishia hapo. Baadaye tunafika jikoni, msichana huyo, Andrea, anakunywa maji yaliyochemshiwa mboga kwa njaa, na hapo wenyewe huuliza: kwani nchi hii ilipatwa na nini? Swali likishatoka kwao, tarehe hazimchoshi mtu.

Ndipo nawagawia maswali waliyojibu wadhibiti wa vitabu wa serikali ya Franco miaka ya 1940: Je, kitabu kinashambulia imani ya dini? Maadili? Kanisa au watumishi wake? Utawala na vyombo vyake? Kila mmoja aikague Nada. Wengi hukwama, maana Laforet, aliyeshinda tuzo ya Nadal akiwa na miaka 23, vita anavigusa kwa mbali tu. Anachoandika ni njaa, vipigo na nyumba iliyooza. Fomu haina swali la njaa. Kisha nawaletea La colmena, riwaya ya Camilo José Cela, iliyozuiwa na udhibiti Hispania ikabidi itoke Buenos Aires, Argentina, mwaka 1951, ilhali Cela mwenyewe aliwahi kuwa mdhibiti wa majarida. Mjadala wa siku hiyo siukatizi.

Kwa utafiti, majalada ya udhibiti yamehifadhiwa Alcalá de Henares, mwendo mfupi wa treni kutoka Madrid. Usiende na mada pana. Mimi nilienda hivyo, nikarudi na daftari la dondoo zisizoshikana. Chagua kitabu kimoja, omba jalada lake mapema, ufuate mistari iliyopigwa penseli nyekundu ukiilinganisha na toleo lililochapwa. Unachokipata kipeleke darasani wiki hiyohiyo, hata kama makala yako haijakamilika. Wanafunzi wangu ndio walioniuliza kwa nini mdhibiti alifuta neno moja akaiacha sentensi ya hatari zaidi iliyolifuata. Sura ndefu kuliko zote katika utafiti wangu ilianzia pale.