Ondoa jani kwanza, rangi tutaiongea baadaye

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimepewa kazi ya kuchora ikoni 12 kuhusu maisha yanayotunza mazingira, za kalenda na programu ya simu ya kikundi kimoja cha hapa kwetu: jiko banifu, mboji, maji ya mvua, sola, kikapu badala ya mfuko wa plastiki na nyinginezo. Nimeweka jani kwenye kila moja ili zionekane za familia moja, lakini mteja anasema zikiwa ndogo hazitofautiani. Nitumie kijani gani? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kijani chako hakina kosa. Kosa ni jani.

Swali hili naletewa karibu kila mwezi, na kila anayeuliza anatafuta dawa kwenye rangi. Jani limeshachoka. Liko kwenye sabuni, kwenye maji ya chupa, kwenye matangazo ya benki, na halimwambii mtu afanye nini. Lifute kwenye zote 12 uone kinachobaki. Pasipobaki kitu, ulikuwa hujachora bado.

Undugu wa ikoni unatokana na mkono mmoja: unene uleule wa mstari, pembe zilezile, gridi ileile (miraba ya kuongozea mchoro). Za simu mimi huzichora kwenye gridi ya pikseli 24 kwa 24, mstari wa unene wa pikseli 2, na kuacha 2 tupu kila upande. Unabaki na 20 za kuchezea, hapo hakuna pa kubandika mapambo.

Tuchukue jiko. Ukiweka ndimi za moto juu yake, mtu anaona gesi au ajali. Jiko la bati lenye udongo ndani linajulikana kwa kiuno: pana juu, limebanwa katikati, pana tena chini, na kimlango cha kuingizia hewa. Chora kiuno, kimlango, na mikono miwili ya kubebea. Basi. Kiuno kile kitaonekana hata kwenye pikseli 16.

Kisha wape watu waisome bila maandishi. Uliza "hii ni nini?", usiulize "imependeza?", maana kwa adabu zetu kila kitu kimependeza. Niliwahi kuchora bomba lenye tone kumaanisha "okoa maji". Mama lishe wawili wakasema hapa pana maji ya kuchota, wa tatu akasema linavuja, aitwe fundi. Kijana wa bodaboda akaniuliza kuosha pikipiki ni shilingi ngapi. Kwa maji ya mvua chora paa la bati, gata na simtanki. Hiyo hakuna atakayeuliza.

Na anza na nyeusi tupu. Kalenda itapigwa fotokopi, na wapo watu, wanaume hasa, wasiotofautisha kijani na nyekundu.

Sasa hawa wanaouza furushi la "ikoni 500 za mazingira", na wanaoiagiza akili mnemba iwachoree zote kwa dakika moja: utapewa mapipa matatu ya taka yenye magurudumu yaliyopangwa mbele ya nyumba. Mtaa gani wa Morogoro huo?

Kinachoniudhi zaidi ni mishale mitatu inayofukuzana, ile alama ya kuchakata taka upya. Aliichora Gary Anderson, mwanafunzi wa Marekani, kwa ajili ya shindano la mwaka 1970. Mwaka 1988 chama cha viwanda vya plastiki cha hukohuko kikaweka ndani ya mishale hiyo namba 1 hadi 7, kuonyesha aina ya plastiki tu. Namba 5 chini ya ndoo inasema polipropilini, haisemi kuna mtu ataichakata. Watu wakaisoma vingine, mpaka mwaka 2013 kiwango cha alama za namba hizo kikabadilishwa, mishale ikaondolewa ikawekwa pembetatu ya kawaida. Vyombo vyenye mishale bado vimejaa madukani, na wachoraji wetu wanainakili kila kona kama muhuri wa usafi. Huko ni kumdanganya mnunuzi kwa picha, hata kama mteja ndiye aliyeagiza.

Akikuagiza wewe, muulize kwanza: chupa hizo zinachukuliwa na nani, siku gani? Asipokuwa na jibu, mchoree chupa ileile ikijazwa maji mara ya pili.