Kumlipa kibarua mkononi kunamuumiza kibarua

Ndugu yangu, umesema kumlipa saidia fundi mkononi jioni, bila kumwandikisha popote, hakumuumizi mtu, ni TRA tu, mamlaka ya mapato Tanzania, inakosa vijisenti. Hebu tupige hesabu. Tuseme analipwa 15,000 kwa siku, siku 26, jumla 390,000. Kodi ya mshahara inaanzia juu ya 270,000 kwa asilimia 8, kwa hiyo serikali inakosa isiyozidi 9,600 kwa mwezi. Sawa, ni ndogo. Lakini mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, yaani 78,000 kila mwezi, na angalau nusu ilitakiwa itoke kwa mwajiri. Hiyo ni hela ya kibarua mwenyewe, ya uzeeni!

Mdogo wangu alianguka na mirunda ghorofa ya pili huku Njiro, Arusha, amebeba karai la zege. Mkandarasi akasema hamtambui. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la msimamizi tu, tena kwa penseli. Mchango wa mwajiri kwa WCF, mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini, ni asilimia 0.5 ya mshahara: kwake ingekuwa 1,950 kwa mwezi. Sisi tulichangishana ukoo mzima, tukauza na ng'ombe, na mguu haujanyooka hadi leo.