Barua kwa mwanangu anayetaka kuomba udaktari wa meno

Chake Chake, Pemba

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah, na ujumbe wako umefika. Umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa matokeo yako ya kidato cha sita, Biolojia B, Kemia C na Fizikia D, je, uombe udaktari wa meno Chuo Kikuu cha Muhimbili au usijisumbue? Pili, ni kweli, kama ulivyosoma mtandaoni, kwamba lazima ufanye mtihani wa DAT, ule wa kuingilia skuli ya meno, uandike insha ya kujieleza na uwe umekaa kliniki saa 100 nyuma ya daktari?

La pili nilimalize kwanza maana ni jepesi. Uliyoyasoma ni ya Marekani. Kule mtu huanza kusoma chuo kikuu, mara nyingi miaka 4, ndipo aombe skuli ya meno ya miaka 4 mingine. Maombi yao hupita kwenye mfumo uitwao AADSAS, insha haizidi herufi 4,500 pamoja na nafasi, na DAT ina hata sehemu ya kupima jicho, maswali 90 ya maumbo kwa dakika 60. Saa 100 kwao si sheria, ni kiwango tu kinachotajwa sana. Kwetu unatoka kidato cha sita ukaingia moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari wa meno, ile inayoandikwa DDS, miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitali. Hakuna DAT wala insha. Kinachokupeleka mbele ni matokeo, na kinachoweza kukuangusha ukiwa na matokeo mazuri ni karatasi na tarehe. Basi nguvu zako ziweke huko.

Sasa la kwanza. Umeandika kwa furaha kwamba una "divisheni wani ya 9", na furaha hiyo ni haki yako. Lakini NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, hawahesabu namna moja, na hapa vijana wengi hujidanganya. NECTA: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, na anayepata namba ndogo ndiye bora, Daraja la Kwanza ni kuanzia 3 hadi 9. TCU wanageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na mwenye namba kubwa ndiye bora. Wewe kwa NECTA ni 2 na 3 na 4, jumla 9. Kwa TCU ni 4 na 3 na 2, jumla 9 vilevile. Imetokea tu zikafanana. Ile 9 ya kwanza iko ukingoni mwa Daraja la Kwanza, na hii ya pili ni 9 katika 15. Ukienda kuomba, hii ya pili ndiyo unayoibeba. General Studies na BAM, ile hisabati ya ziada, hazimo kwenye hesabu hiyo, hata ungepata A.

Sifa ya chini katika miongozo ya TCU ya miaka ya karibuni ni pointi 6 kwa Fizikia, Kemia na Biolojia, na kila somo lisiwe chini ya D. Kwa hiyo unaruhusiwa kuomba. Fizikia yako imegusa sakafu. Ingekuwa E, hata Biolojia ya A isingekuokoa. Lakini mwanangu, sifa ya chini ni ya kukuingiza kwenye foleni, haikuweki mbele yake. Wanaojaza fomu wakiwa na 12 na 13 wapo. Na usidhani unashindana na wanaopenda meno peke yao: wengi huandika udaktari wa jumla chaguo la kwanza na meno la pili, wakikosa kule wanateremka huku na pointi zao. Nafasi nazo haziwezi kuwa nyingi, kwa sababu mwanafunzi wa meno hafundishwi kwa kukaa ukumbini tu. Anahitaji kiti cha kutibia, vifaa vyake na mwalimu wa kumsimamia akiwa mkono wake umo kinywani mwa mgonjwa.

Jawabu langu basi ni: omba, na omba dirisha la kwanza. Mwongozo wa mwaka huu usome mwenyewe kutoka tovuti ya TCU, usikubali picha ya ukurasa mmoja inayozunguka kwenye WhatsApp, maana masharti hubadilishwa na picha ya mwaka juzi bado inatembea. Maombi hutumwa kwa kila chuo chenyewe, na kwa kawaida dirisha la kwanza hufunguka Julai baada ya matokeo. Yapo madirisha ya baadaye, lakini kozi kama hii hujaa mapema. Anayesema "nitaomba la pili" amekwisha kujitoa.

Katika kupanga machaguo, weka DDS mbele ikiwa ndiyo unayoitaka. Nyuma yake weka kozi ambazo kweli ungekubali kuzisoma: famasia, uuguzi, sayansi ya maabara, chochote kati ya hivyo moyo wako ukikiridhia. Omba na chuo kingine, SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, hapo Unguja wana udaktari wa jumla. Usijaze kozi kwa ajili ya kujaza, kwa sababu unaweza kuchaguliwa hiyohiyo.

Karatasi zako zikague zikikufikia tu, si siku ya kuomba. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na matokeo ya kidato cha sita, vipange mezani, usome jina lako herufi kwa herufi. Majina yetu ya visiwani yana mtihani wake. Skuli moja imeandika Khamis, nyingine Hamis. Huku Othman, kule Othuman. Mohammed kwa m mbili na Mohamed kwa m moja. Wewe unaona ni jina lilelile, mfumo unaona watu wawili. Tofauti ikiwapo, wahi kwa wakili upate hati ya kisheria inayosema majina yote mawili ni yako, au cheti kirekebishwe kilikotoka. Mambo haya hayamalizwi kwa siku mbili, na ndiyo maana nakwambia leo. Namba ya mtihani iandike kama ilivyo, pamoja na namba ya kituo na mwaka, maana kwa namba hiyo ndipo mfumo unapovuta matokeo yako. Ukikosea tarakimu moja utavuta ya mtu mwingine au hutapata kitu.

Kisha simu na barua pepe. Hili nakusisitiza sana. Ukienda steshenari kujaza fomu, usikubali kijana wa pale atumie barua pepe yake wala namba yake "ili mambo yaende haraka". Fungua barua pepe yako mwenyewe, neno la siri uliandike kwenye daftari. Laini ya simu iwe iliyosajiliwa kwa jina lako na usiibadilishe mpaka uwe umeshasajiliwa chuoni. Sababu ni hii: ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, unatakiwa uthibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe wa simu, ndani ya siku chache. Ujumbe ukienda kwenye laini ya mtu mwingine, au iliyokufa, nafasi uliyoipata kwa jasho inapotea ukiwa umelala. Ukishalipa ada ya maombi, ingia tena uangalie kama ombi limetumwa kweli. Wapo wanaolipa wakadhani wamemaliza, kumbe hawajabonyeza mahali pa mwisho.

Mkopo usingoje mpaka uchaguliwe ndipo uuombe. Dirisha la Bodi ya Mikopo, HESLB, huwa na tarehe zake ambazo hazikungoji. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe. Kwa aliyezaliwa Bara ni RITA, wakala wa usajili wa huko, kwa wewe uliyezaliwa Wete ni ZCSRA, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Wengine hupeleka cha kwetu RITA wakapoteza wiki nzima. Utahitaji namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, taarifa na picha ya mdhamini, na fomu inayochapishwa, kusainiwa na kurudishwa mtandaoni. Sheha wetu nimeshazungumza naye. Ukiichapisha, kagua kila ukurasa uwe na saini na muhuri unaohitajika kabla ya kuipandisha; ukurasa mmoja mtupu unatosha kuirudisha fomu nzima. Masharti ya bodi ya mikopo ya hapa kwetu Zanzibar kayaulize ofisini kwao pale mjini, uko karibu nao kuliko mimi.

Ile habari ya kukaa kliniki, ingawa haiingii kwenye fomu, ningependa uifanye. Si kwa ajili ya chuo, kwa ajili yako. Andika barua fupi ya ukurasa mmoja kwa uongozi wa Hospitali ya Mnazi Mmoja, uombe kuangalia kitengo cha meno kwa siku tano, uambatanishe nakala ya matokeo na kitambulisho. Wakikukubalia, usiangalie kung'oa tu. Angalia daktari anavyotazama meno ya juu ya nyuma: hayaoni moja kwa moja, anayaona kwenye kioo kidogo, na kwenye kioo mbele huwa nyuma. Mkono lazima ujifunze kwenda kinyume na unachokiona. Nyumbani kwa shangazi yako jaribu: weka kioo mbele yako, karatasi uizibe usiione kwa macho, uchore nyota ukitazama kioo peke yake. Mara ya kwanza kalamu itakwama kwenye kona, na hilo lisikutishe. Ukirudia kila siku utaona mkono unatii. Angalia pia vifaa vinavyosafishwa na kuchemshwa kwa mvuke baada ya kila mgonjwa, na shingo ya daktari iliyoinama kutwa. Na uvae glavu saa nzima: kama ngozi yako inavimba na kuwasha, ni bora ulijue sasa, utafute dawa na aina nyingine ya glavu. Siku hizo tano zikikuchosha moyo, niambie bila woga, hatutagombana.

Usipochaguliwa, njia hazijafungwa. Ya kwanza ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni Mei, lakini usajili hufanywa miezi mingi kabla, kwa hiyo uamuzi huu haungoji dirisha la mwisho la vyuo. Alama ya D ni kuanzia 50 hadi 59, C ni 60 hadi 69, B ni 70 hadi 79. Hujui D yako ni ya 51 au ya 59, basi jiandae kama ya 51. Ukipandisha kila somo daraja moja tu, unatoka 9 unafika 12, na hapo ndipo unapoanza kushindana. Kwa maoni yangu pointi rahisi kuliko zote ziko kwenye karatasi ya tatu, ya vitendo, na hizo ndizo wanaosomea nyumbani hupoteza kwa kukosa maabara. Kwenye Kemia, usomaji wa kwanza wa bureti, lile bomba la kupimia, ni wa kujaribia, hauingii kwenye wastani. Wengi huuingiza na jibu lote linapinda. Kwenye Fizikia, jedwali lisilo na vipimo, tarakimu za desimali zisizolingana na grafu iliyobanwa kwenye kona ya karatasi ndivyo vinavyokula maksi. Tafuta skuli itakayokupokea maabara yao kabla hujalipa ada ya mtihani.

Njia nyingine ni stashahada ya utabibu wa meno, miaka 3, ukitoka na wastani wa B, yaani GPA isiyopungua 3.0, unaweza kuomba DDS. Angalia kidato cha nne chako: watataka angalau D katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza. Wewe zote unazo. Ni njia ndefu, lakini anayepita humo anafika akiwa ameshashika jino.

Kuhusu Uturuki, rafiki zako wasikupe tamaa ya bure. Ufadhili wa serikali yao, Türkiye Bursları, kwa udaktari na meno unataka ufaulu usiopungua asilimia 90, na uwe chini ya miaka 21. Alama zako hazifiki. Na mawakala wanaokuahidi chuo cha nje kwa kulipa, usimpe mtu hata shilingi kabla hujahakikisha chuo kinatambuliwa na TCU na umeelewa cheti chao cha kutokuwa na pingamizi unakipata vipi. Ukirudi na shahada isiyotambuliwa, Baraza la Madaktari halikusajili, na daktari asiyesajiliwa hagusi mgonjwa.

Cheti chako halisi cha kuzaliwa nimekitia kwenye bahasha ngumu pamoja na cha kidato cha nne. Simpi nahodha wala mtu wa bandarini; anakuja nacho mjomba wako na boti ya Alkhamisi. Kampokee mwenyewe Malindi, na ukifika nyumbani tu anza na majina, kisha nipigie uniambie umekuta nini.

Nisalimie shangazi yako.

Mama yako