Kamera ya kwanza: maswali yenu

Nina akiba ya kununua DSLR (kamera ya kubadilisha lenzi). Kampala wananionyesha Canon 4000D, Canon 2000D na Nikon D3500. Nichukue ipi? (Mwanafunzi, Mbarara)

Achana na 4000D hata wakikushushia bei. Sehemu inayoshika lenzi ni ya plastiki, na kioo cha nyuma ni hafifu, hutajua kama picha imetoka sawa mpaka ufike nyumbani. Zile mbili nyingine zote zina megapikseli 24. Mimi ningechukua D3500. Betri yake ikijaa hupiga picha kama 1,500, na umeme wetu tunaujua. Hakikisha tu lenzi imeandikwa AF-S au AF-P, maana bodi hii (kamera yenyewe bila lenzi) haina mota ya fokasi, yaani ya kulenga picha iwe kali. Lenzi za zamani za AF utazungusha kwa mkono.

Nimeona kamera ya mtumba hapa Busia. Nikague nini kabla ya kutoa pesa? (Mwalimu)

Mwalimu, usilipe kabla hujaishika. Ng'oa lenzi, imulike kwa tochi ya simu, uchungulie ndani. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Unyevu wa kandokando ya ziwa huikuza, na kuiondoa ni kazi ya fundi. Vumbi kidogo lisikutishe. Kisha ifunge tena lenzi, weka f/16 (tundu dogo la kuingiza mwanga), piga picha ukuta mweupe, kuza picha. Madoa meusi ni uchafu kwenye sensa (sehemu inayonasa picha), husafishika, mkwaruzo hausafishiki. Sikiliza lenzi ikitafuta fokasi: ikikwaruza, mrudishie muuzaji. Uliza pia imeshapiga picha ngapi. Faili za JPEG za Nikon huhifadhi idadi hiyo, za Canon nyingi hazihifadhi.

Pesa utakayookoa, tafadhali, iweke kwenye lenzi ya f/1.8, yenye tundu pana. Huingiza mwanga karibu mara 10 ya ule wa 18-55, lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ikiwa f/5.6. Wapige picha watoto sebuleni jioni, taa moja tu inawaka, uone. Bodi mpya haikupi hilo.

Flashi yangu ya bei nafuu haiwaki kwenye 2000D, na kwanjula (sherehe ya utambulisho wa wachumba) ya dada yangu ni Jumamosi! (Jinja)

Pole sana. Huenda flashi yako ni nzima kabisa. Tazama juu ya kamera pale inapochomekwa: Canon iliondoa pini ya katikati kwenye 2000D, na flashi nyingi za kampuni nyingine hutegemea pini hiyo. Azima flashi ya Canon yenyewe. Ukikosa, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 1600 na utumie mwanga wa mchana unaoingia hemani. Wageni wakae upande wa wazi, nyuso zitatoka vizuri.

18-55 itatosha kwa ndege korongo-nyangumi wa kinamasi cha Mabamba? (Mukono)

Haitoshi. Tafuta 55-250 ya Canon au 70-300 ya Nikon, hata ya mtumba. Ndege yule husimama kimya muda mrefu, ila mtumbwi hautulii, kwa hiyo kasi ya kamera isishuke chini ya 1/500 ya sekunde. Na safari ikikufikisha Bwindi, kwenye msitu wa gorila, zima flashi: mbele ya gorila hairuhusiwi.