Sahani ya chaki sakafuni

Swali: Nina wanafunzi 60 wa darasa la kwanza. Nikiwagawa makundi sita kufundisha mlo kamili, wanagombania picha tu. Nifanyeje?

Jibu: Kumi ni wengi mno, wawili hushika, wanane hutazama. Weka watano watano. Kila kundi lichorewe duara kwa chaki, ndiyo sahani yao, nusu yake ya mboga na matunda, nusu nyingine ya vyakula vilivyobaki. Acha picha, leta vyakula vyenyewe: punje za mahindi, maharage, dagaa wakavu, jani la mchicha, chungwa. Kila mtoto ashike kimoja, akitaje, akiweke mahali pake. Wengi watatenganisha dagaa na maharage. Waeleze kwamba vyote viwili hujenga mwili, vikae pamoja. Na tafadhali, usiite chakula chochote “cha kimaskini”. Mtoto aliyekula mihogo asubuhi anakusikia.